Mkono Ule Kila Mtu Aliujua

Baraza la Maswali: kazi ya ripota mpekuzi wa runinga

Mhariri amenipa barua kumi na tatu nijibu. Nimezisoma zote hapa barazani Langoni, Lamu, jioni tatu mfululizo, mpaka muuza kahawa akaniuliza kama ni kesi ya mirathi. Zote siziwezi. Nyingine zinauliza jambo lile lile, na mbili ni za matusi, ingawa zimeandikwa kwa hati nzuri kuliko yangu. Nimebakisha nane. Kwa asiyenijua: nimefanya kazi ya televisheni miaka 20, kuanzia 2001 hadi 2021, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo nilikuwa katika habari za upekuzi. Kituo changu sikitaji, tuna maneno ya pensheni hayajesha. Na yule dada wa Watamu aliyeandika kuhusu mchumba wake wa Bergamo, nisamehe, mimi si shangazi wa mapenzi. Barua yako nimempa mwenzangu.

*Shikamoo Bi. Niko kidato cha nne, Mokowe. Nataka kuwa ripota mpekuzi kama wale wa runinga. Mwalimu wa fizikia anasema nisijipoteze, nisome uhandisi. Nishike lipi?*

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako usimkasirikie. Kasoro kubwa ya vyumba vyetu vya habari ni kwamba tulikuwa wengi wa kusema na wachache wa kuhesabu. Ikija karatasi ya mkandarasi wa barabara, sisi tulitazama kama ina sahihi. Mhandisi angeuliza kokoto imewekwa unene gani. Ukisoma uhandisi, au uhasibu, au sheria, kisha ukaja kwenye kamera, utatupita sote. Ukitaka uanahabari moja kwa moja, vyuo vipo. KIMC ya Nairobi, ambacho ni chuo cha serikali, kilianza 1961. Ukishaingia kazini utahitaji kitambulisho cha Baraza la Vyombo vya Habari, na hicho hufanywa upya kila mwaka.

Mimi sikuanzia chuoni. Nilikuwa karani wa kupiga chapa kwa wakili mmoja Malindi, miaka mitatu ya hati za viapo: "Mimi, mtu mzima mwenye akili timamu, naapa na kusema yafuatayo." Siku moja akaja ripota kuuliza kesi ya ardhi. Wakili hayupo, akaniuliza mimi, na mimi ndiye niliyejua faili liko rafu gani. Baadaye alinipigia tena, na tena, mwisho akaniambia lete mwenyewe hizo habari. Nililipwa Sh700 kwa taarifa iliyorushwa. Isiporushwa, pole. Kanda nilivuka nayo kwa mashua mpaka uwanja wa ndege wa Manda, nikamsihi abiria yeyote mwenye uso wa huruma aifikishe Nairobi. Mara nyingi ilifika habari imeshachacha.

Zoezi la kuanzia leo: tafuta bajeti ya kaunti, ni karatasi ya umma. Chagua mstari mmoja tu, wa choo cha soko au gati dogo, uandike kiasi kilichotengwa, kisha nenda kwa miguu ukaitazame kazi yenyewe. Ukirudi na maswali matatu ambayo hukuwa nayo ulipotoka nyumbani, uhandisi unaweza kungoja.

*Kuna maneno mtaani kwamba ulikuwa ukificha kamera ndani ya buibui. Ni kweli? Na sheria inaruhusu?* Msomaji, Mkomani.

Ni kweli, mara mbili katika miaka yote hiyo. Ya kwanza ilikuwa aibu. Nilikaa mbele ya afisa dakika 40, nikatoka nimefurahi, nikafungua picha hotelini: dakika 40 za kitambaa cheusi, na sauti yangu nikihema kama punda aliyebebeshwa matofali. Mtandio ulikuwa umeshuka mbele ya lenzi tangu nilipoketi.

Ya pili ilifaulu, na bado hainipi raha. Kanuni za maadili zilizowekwa chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 ziko wazi. Ripota hujitambulisha. Hila hutumika pale tu jambo lina maslahi ya umma na hakuna njia nyingine ya kulipata. Lile "hakuna njia nyingine" ndilo vijana wanaloliruka. Kamera ya siri imekuwa ya kwanza badala ya kuwa ya mwisho, kwa sababu inapendeza. Picha inayumba, sauti inakwaruza, mtazamaji anahisi yuko ndani. Kumbe karatasi iliyolala kwenye sajili ingesema yale yale bila mtu kudanganywa.

Mnajua habari za Anas Aremeyaw Anas, ripota mpekuzi wa Ghana, yule afichaye uso kwa shanga. Uchunguzi wake wa 2018 kuhusu soka uliwanasa waamuzi wakipokea pesa, akiwemo mwamuzi msaidizi wa Kenya aliyekuwa tayari ameteuliwa kwenda Kombe la Dunia Urusi. Dola 600, na safari ikaishia hapo. Watu walishangilia sana. Ambalo wengi hawakulifuata ni kwamba mwenzake katika kazi zile, Ahmed Hussein-Suale, aliuawa kwa risasi Accra Januari 2019, miezi kadhaa baada ya picha ya uso wake kuonyeshwa kwenye televisheni. Aliyevaa shanga yuko hai.

*Mimi ni mama wa Maweni, Malindi. Binti yangu amepata nafasi ya kusoma uanahabari na anasema atafanya upekuzi. Usingizi sina. Niambie ukweli, ni kazi ya kufa?*

Mama mwenzangu, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wapo waliokufa. Daudi Mwangosi, ripota wa Channel Ten ya Tanzania, aliuawa Nyololo, mkoani Iringa, Septemba 2, 2012, akiwa kazini mchana kweupe, na polisi mmoja akahukumiwa miaka 15 mwaka 2016. Hapa kwetu, usiku wa Machi 2, 2006, watu waliofunika nyuso walivamia Standard na KTN, magazeti yakachomwa, matangazo yakazimwa. Waziri wa usalama wa wakati huo, marehemu John Michuki, alisema anayemtikisa nyoka awe tayari kuumwa.

Lakini katika miaka yangu 20, lililokaribia kuniua hasa ni bahari ya kusi nikiwa ndani ya boti isiyo na jaketi za kuokolea, na dereva wa Nairobi aliyesinzia Mtito Andei. Kwa hiyo mfundishe binti yako jambo dogo kabla ya mambo makubwa. Kila safari nilimwachia dada yangu karatasi: naenda kwa nani, kwa chombo gani, narudi na maji ya saa ngapi. Ikipita saa mbili sijarudi, nambari tatu za kupiga, kwa mpangilio. Dada yangu alizipiga mara moja tu, na siku hiyo nilikuwa nimelala kwa shoga yangu nimesahau simu. Alinitukana mbele ya watu na nilistahili.

Kuna hatari nyingine ambayo hutaisikia kwenye habari. Huja na bahasha, huja na "binti yetu", huja na tiketi ya Umra. Kwetu hapa haitoki kwa adui, hutoka kwa mjomba. Mjomba wa damu hasa, aliyekulipia karo, anakaa sebuleni kwako anasema yule bwana ni mtu mzuri, mwache. Kwenye hilo mimi sikuwa na karatasi ya kumwachia dada. Nililia, nikaenda na taarifa yangu, na arusi mbili za ukoo sikualikwa.

*Hii kazi inalipa?* Kijana, Ngomeni.

Hailipi. Wapo waliotoka kwenye kamera wakaingia kwenye mambo mengine: Mohammed Ali, aliyejulikana kwa kipindi cha upekuzi cha Jicho Pevu pale runinga ya KTN, alichaguliwa mbunge wa Nyali mwaka 2017. Ukitaka bunge, ipo njia fupi zaidi ya kwenda bungeni.

*Mimi hupiga picha za arusi hapa Malindi. Naweza kuingia upekuzi au ni kazi ya wanaosema tu?*

Ingia, tena upesi. Anayeweza kupiga arusi nzima umeme ukikatika mara tatu na mama wa bibi arusi akimpigia kelele sikioni, huyo ana mishipa ya kazi hii. Mtangazaji ndiye ajulikanaye sokoni, mpiga picha hajulikani na mtu, na hilo ni mtaji. Picha za njaa ya Ethiopia zilizotikisa dunia Oktoba 1984 zilipigwa na Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi. Uingereza walimkumbuka zaidi Michael Buerk aliyesoma maneno. Amin alipoteza mkono kwa mlipuko Addis Ababa mwaka 1991, akarudi kazini, akafa Novemba 1996 katika ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaanguka baharini Komoro.

Jambo moja la ufundi: arusini umezoea kufuata uso. Kwenye upekuzi fuata mikono na karatasi. Halafu usome jibu langu la mwisho hapo chini, maana mikono nayo ina yake.

*Mwaka 2023 waandishi walijaa Malindi. Shemeji yangu alipigwa picha akilia nje ya mochari na picha ile inarudi kila mwaka. Hakuna aliyerudi kumuuliza kama alimpata mtoto wake. Hiyo ndiyo kazi yenu?* Msomaji, Barani.

Mfikishie pole zangu kwanza, na swali lako nalipokea bila kujitetea.

Wakati huo nilikuwa nimeshastaafu. Nilishuka Malindi kwa shughuli ya mpwa wangu nikapita pale hospitali, nikaona kwa macho yangu kamera kumi na moja kwa mama mmoja. Kipaza sauti kimoja kilikuwa karibu kumgusa mdomo. Nilitaka kukemea, nikakumbuka kwamba mwaka fulani kipaza sauti kile kilikuwa mkononi mwangu.

Chozi hupigwa kwa dakika mbili na kurushwa habari za saa moja. Uchungu wenyewe ulikuwa mrefu: zaidi ya miili 400 ya waumini wanaodaiwa kuambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka kufa ilifukuliwa msitu wa Shakahola, jamaa wakatolewa sampuli za DNA, wakangoja, na miili ya kwanza ikakabidhiwa familia Machi 2024, karibu mwaka mzima. Mwaka ule wa kungoja ndio uliokuwa taarifa, na wengi wa kamera zile walikuwa wamesharudi Nairobi.

Na kuna jingine. Mhubiri anayeshtakiwa, Paul Mackenzie, hakuwa mtu wa gizani. Alikuwa na mahubiri yake kwenye televisheni, watu wakimtazama sebuleni. Alishafikishwa mahakamani Malindi mwaka 2017 kwa mambo ya watoto kutopelekwa shule. Faili la kesi ile lilikuwa mjini Malindi, mwendo wa miguu kutoka mochari. Mimi ningekuwa bado kazini, ningemwomba mhariri siku nne za kukaa sajili ya mahakama: nani alishtaki, nani alitoa ushahidi, kesi iliishaje, nani aliarifiwa, na baada ya hapo nani aliacha kutazama. Kazi hiyo haina picha. Ni ripota na karani wakizozana juu ya Sh100 za nakala. Ndiyo maana mhariri huipa siku moja, na chozi hupewa wiki.

Kuhusu picha ya shemeji: aandike barua kwa kituo, ataje tarehe na taarifa, aseme hataki irudiwe. Wakikaa kimya, Sheria ile ya 2013 imeweka Tume ya Malalamiko chini ya Baraza la Vyombo vya Habari, na haihitaji wakili. Nitamsaidia kuiandika. Nilipiga chapa hati nyingi kuliko hiyo.

*Nina karatasi za mradi mmoja hapa kisiwani. Zinaonyesha pesa zimelipwa, na kazi hatuijui. Nimpe nani, na nijikinge vipi?* Mvuvi, Pate.

Kwanza usizirushe kwenye kundi la WhatsApp. Najua mkono unawasha. Zikishazunguka, mwenyewe atajua leo hii, na kesho asubuhi karatasi za ofisini zitakuwa zimebadilishwa. Andika pembeni, kwa kalamu, umezipataje na lini. Karatasi isiyojulikana ilikotoka haimfai ripota wala wakili. Asili iweke pahali pakavu, si chomboni, toa nakala. Na jiulize swali ambalo wengi hawajiulizi: katika mji huu, ni watu wangapi wangeweza kuwa nazo? Kama jibu ni wewe na mwenzako mmoja, basi ripota asizionyeshe kamwe kwenye skrini. Azitumie kama taa ya kumulika njia, akatafute nakala nyingine kwa mlango wa mbele.

Mlango wa mbele upo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuandikia ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21. Likiwa jambo la uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Kampuni iliyolipwa, mwombe msajili wa kampuni hati yake ya CR12, itakutajia wakurugenzi na wenye hisa. Mara ngapi nimeona jina la shemeji wa mkubwa pale!

Lakini karatasi peke yake inaweza kukukalia kimya. Kulikuwa na boti ya wagonjwa ya ofisi moja, sitaitaja. Stakabadhi zilisema kila wiki boti ile inakunywa mafuta kwenda Siyu na kurudi. Zilikuwa safi: muhuri, sahihi, tarehe, saa ya kuondoka, saa ya kufika. Wiki mbili nikizitazama, sioni kitu. Nikampelekea nahodha mmoja wa hapa. Hakutazama pesa wala sahihi. Alitazama tarehe, akahesabu mwezi kwa vidole, akatazama saa, akacheka mpaka akakohoa.

"Hii imeingia Siyu saa nne na nusu asubuhi, siku ya bamvu? Imepita ndia gani? Imetembea kwa maguu?"

Wasomaji wa bara wanisamehe, nieleze. Siyu huingiwa kwa mkono wa bahari uliopita katikati ya mikoko, na maji yakitoka hubaki tope. Siku za bamvu, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji ya huku hukupwa mno mnamo saa nne na saa tano za asubuhi. Boti yenye injini haipiti, hata kidau unakishuka ukakisukuma. Nikatafuta jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari, nikakaa nalo na stakabadhi 61, moja moja. Safari 23 zilikuwa zimepita juu ya tope. Aliyezibuni alikaa ofisini, hakuwahi kuuliza bahari.

Hapo ndipo taarifa ilipozaliwa. Baadaye ikaja kazi ya kawaida: barua kwa ofisi ile yenye maswali yote, tukawapa siku saba wajibu, jibu la wakili wao, wakili wetu kusoma skripti neno kwa neno na kuniondolea neno "wizi" mara nne. Miezi mitano, dakika 14 hewani. Uwe na subira, bwana. Wavuvi wa Lamu walipeleka kesi ya bandari mahakamani 2012, na Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua 2018, ikawapa wavuvi kiasi cha 4,600 fidia ya Sh1.76 bilioni. Waliokuwa wameweka karatasi zao pakavu ndio walioweza kusema mimi ni mvuvi na chombo changu ni hiki.

*Sina swali la kazi. Mimi ni jirani wa yule nahodha uliyemfunika uso katika taarifa ya boti. Watoto wa mtaa walimjua kabla taarifa haijesha. Uliwahi kumtaka radhi?* Bila jina, Lamu.

Barua hii niliiweka chini ya nyingine siku mbili.

Ni yeye, yule aliyesoma maji. Alikuwa na daftari lake pia, aliandika kila siku aliyoiona boti imelala mchangani, na alikubali kusema mbele ya kamera kwa sharti moja. Tulipiga picha uani kwake. Uso tuliutia ukungu, sauti tukaishusha mpaka ikawa kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Kofia tulimvua, maana vito vya kofia ile alishona mkewe. Nilijiona hodari.

Nairobi, kwenye chumba cha kuhariri, mhariri akasema taarifa imekufa hapa katikati, dakika mbili za ukungu unaongea, tafuteni kitu chenye uhai. Mpiga picha wetu alikuwa na kipande alichokipiga tukingoja chai: mkono wa kushoto wa nahodha, unashona nyavu, sindano inaingia na kutoka, jua linapita kwenye uzi. Mkono ule hauna kidole cha pete. Kamba ya nanga ilikwenda nacho akiwa mtoto. Kipande chenyewe sekunde sita. Kilikuwa kizuri, jamani, na mimi nilikiona na nikasema weka.

Nairobi mkono ni mkono tu. Huku kwetu, kila mtu aliujua. Uliwahi kumshika nusu ya watoto wa mtaa ule kuwapandisha chomboni.

Kazi ya kuendesha boti alinyimwa mwezi uliofuata, na waliomnyima hawakumwambia sababu. Msimu mzima wa kaskazi alikaa. Dau lake akaliuza Matondoni. Nikaomba kituo kimpe chochote, nikaambiwa hakuna fungu la namna hiyo. Nikauliza habari za kulinda mashahidi. Sheria ipo, ya 2006, lakini ni ya mashahidi wa kesi, na kesi haikufunguliwa, kwa hiyo yeye hakuwa shahidi wa mtu. Boti ile ilipata injini mpya. Hilo nalisema kwa kuwa ni kweli, na wagonjwa wamepanda.

Nilikwenda kwake baada ya miezi minne, ambayo ni mitatu zaidi ya ilivyofaa. Nilichukua sukari na unga kama mtu aendaye matangani. Akanikaribisha, akatia kahawa, tukazungumza bei ya papa. Kisha nikasema niliyoyajia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulinambia utafinika uso," alisema. "Umefinika."

Hakuongeza neno, na mimi sikuwa na la kujibu, mpaka leo sina.

Kuanzia hapo nilikataa kurusha taarifa yoyote yenye mtu aliyefichwa mpaka mwenyewe ameiona yote, na pembeni yake ameketi mtu wa mtaa wake anayemwamini. Huyo wa pili ndiye kipimo. Nilimwambia asitazame habari, amtafute jamaa yake. Nimejifunza yanayomtoa mtu: mwendo, kikohozi, mlango wa nyumba, adhana ya msikiti wa karibu inayosikika nyuma ya sauti, na mara moja, wallahi, punda. Sauti niliacha kuishusha, nilimpa mtu wa Malindi ayaseme upya maneno yale kwa lafudhi yake. Wahariri walinung'unika kwamba nawachelewesha. Taarifa mbili zilikufa hivyo, maana wenyewe walijitazama wakasema hapana, na moja ilikuwa nzuri kuliko ya boti.

Umeuliza kama nilimtaka radhi. Nilimtaka. Kama alinipa, sijui. Hukutana naye njiani akanisalimu vizuri, na Idi hii mkewe aliniletea sahani ya vileja. Nyavu za mpwa wangu ziko kwake tangu mwezi jana, nilizipeleka mwenyewe zishonwe. Nitazifuata Ijumaa baada ya sala. Bei hajanitajia.